UZI: Gari la haibridi linamfaa nani, na tuwaulize nini wanaotuomba kura?

1/ Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA ikitangaza bei ya mafuta, vita vinaanza hapa. Mmoja anasema: "Serikali iondoe ushuru wa haibridi, tumechoka!" Wa pili anamjibu: "Hizo ni gari za mabwanyenye wa Nairobi." Wa tatu anafunga kikao: "Betri ikifa umebaki na banda la kuku." Leo tuchambue pole pole. Sheria ya uzi mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunajadili hoja.

2/ Kwa nini leo? Mimi niko Magunga, Suba Kusini, Homa Bay. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anaendesha Probox ya abiria huku kwetu. Sasa anataka mkopo wa sacco anunue Probox ya haibridi. Dhamana ni hati ya shamba la mama yake. Amenipigia simu mara tatu wiki hii: "Shem, hii kitu ni kweli ama ni ya TikTok?" Kwa hivyo kwangu si mjadala wa kupiga domo tu. Akikosea, kuna shamba linaenda.

3/ Tuanze na msingi. Injini ya petroli ni mashine nzuri lakini ina ubadhirifu mwingi. Ukiweka mafuta ya shilingi 100, kati ya 20 na 30 tu ndizo zinasukuma gari katika uendeshaji wa kawaida. Zilizobaki zinatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Mota ya umeme kwa upande wake inageuza karibu asilimia 90 ya umeme inaopewa kuwa mwendo. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha hadithi yote.

4/ Shida kubwa ya injini ya petroli ni kwamba haipendi kazi ndogo ndogo. Iko kama jiko kubwa la kupikia harusi: ukipika sufuria kubwa, kuni haziendi bure. Ukilitumia kuchemsha kikombe kimoja cha chai, unachoma kuni bure. Gari likiwa kwa foleni, likitambaa, likisimama stejini na injini inanguruma, hiyo ndiyo chai ya kikombe kimoja.

5/ Haibridi inafanya nini? Inaweka mota ya umeme na betri kando ya injini, halafu kompyuta inagawa kazi. Kuondoka na kutambaa: mota. Mwendo wa kasi ya kawaida: injini, kwa sababu hapo ndipo inapofanya kazi vizuri. Kupanda mlima au kupita lori: zote mbili. Kusimama: injini inazima yenyewe. Hakuna kuunguza petroli ukimngoja mama apakie gunia lake la omena.

6/ Sasa breki. Gari la kawaida ukikanyaga breki, mwendo wote unageuka joto kwenye diski na pedi. Umelipia mafuta upate kasi, halafu unaitupa. Kwenye haibridi, ukiachilia mafuta au ukikanyaga breki taratibu, mota inageuka jenereta. Magurudumu yanaizungusha, inazalisha umeme, na umeme unarudi kwenye betri. Ndiyo maana pedi za breki za haibridi huchukua muda mrefu kuisha.

7/ Ni umeme kiasi gani? Tupige hesabu ya darasani. Gari la kilo 1,400 likiwa kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa lina nishati inayoweza kuwasha balbu ya wati 9 kwa saa 6 hivi. Huwezi kuirudisha yote, nyingine inapotea njiani. Tuseme umerudisha nusu. Kila unaposimama umejiwekea saa 3 za balbu. Mara moja si kitu. Lakini dereva wa abiria anasimama mara ngapi kwa siku?

8/ Huku kwetu kuna vilima vya Gwassi. Gari hilohilo likishuka mteremko wa mita 200 kwenda juu-chini, nishati yake inafika kama saa 85 za balbu ileile. Ni nyingi kuliko betri ndogo ya haibridi inavyoweza kumeza. Betri ikijaa, gari linatumia injini kujizuia, na umeme wa ziada hauna pa kwenda. Kwa hivyo mteremko unasaidia, lakini mtu asikudanganye kwamba ukishuka mlima umejaza tangi.

9/ Kuna ujanja mwingine ambao watu hawausemi. Injini za haibridi nyingi, hasa za Toyota, zinatumia mzunguko unaoitwa wa Atkinson, kutoka kwa Mwingereza James Atkinson wa miaka ya 1880. Vali ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, hivyo mlipuko unasukuma pistoni kwa safari ndefu kuliko ile ya kubana. Unakamua kazi zaidi kutoka kwa tone lilelile. Hasara yake: injini inakuwa mnyonge wakati wa kuondoka.

10/ Na hapo ndipo ndoa inapokamilika. Mota ya umeme ina nguvu yake kubwa ya kusokota tangu gurudumu likiwa limesimama. Injini ni mnyonge mwanzoni, mota ni shujaa mwanzoni. Injini inastahimili safari ndefu, betri ndogo haiwezi. Kila mmoja anafunika aibu ya mwenzake.

11/ "Sasa nguvu zinajumlishwa?" Si hivyo kabisa, na matangazo ya wauzaji huchanganya watu hapa. Chukua Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009. Injini yake ni kilowati 73, mota yake kilowati 60. Jumla ungesema 133. Lakini gari lenyewe ni kilowati 100, yaani farasi kama 136. Kwa nini? Betri inaweza kutoa kilowati 27 tu kwa wakati mmoja. 73 na 27 ni 100. Betri ndiyo inayoweka mpaka.

12/ Maana yake kwa mtu wa milima: kupanda kwa muda mfupi, utafurahi. Ukiwa umejaza abiria na mizigo na mlima ni mrefu, msaada wa betri unaisha katikati, unabaki na injini peke yake. Gari litapanda, lakini si kwa ile raha ya mwanzo. Shemeji, kama unasoma hapa, na mimi najua unasoma: watu tisa na mbuzi si kipimo cha kiwandani.

13/ Anayesema haibridi ni gari la kwenda sokoni tu, akumbuke Safari Rally. 2022, 2023 na 2024 magari ya daraja la juu yaliyokimbia Naivasha yalikuwa haibridi, kila moja na kifaa cha umeme cha kilowati 100. Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza 2022, ikarudia 2023, kwenye vumbi na mawe yetu wenyewe. Ila tuseme yote: kuanzia 2025 vifaa hivyo vikaondolewa, gharama na ugumu wa mfumo zikiwa miongoni mwa sababu. Kwa hivyo nguvu ipo, lakini kuna bei ya kuitunza.

14/ Haya, tugeukie hoja za kisiasa. HOJA YA KWANZA: "Haibridi hazitufai mashambani, stima yenyewe inapotea kila siku." Hapa watu wanachanganya vitu. Haibridi ya kawaida (Prius, Aqua, Probox ya haibridi) haichomekwi popote. Inajichaji kwa injini na breki. Stima ikipotea Magunga wiki nzima, gari halijui. Inayochomekwa ni aina nyingine, na hata hiyo bado ina tangi la petroli.

15/ Ukienda kununua, jua aina. Kuna haibridi nyepesi: mota ndogo inasaidia injini lakini haiwezi kuendesha gari peke yake, na akiba yake ya mafuta ni ndogo. Kuna haibridi kamili kama zile za Toyota. Kuna e-POWER ya Nissan, iliyoingia kwenye Note mwaka 2016: injini inazalisha umeme tu, magurudumu yanasukumwa na mota. Zote nyuma zimebandikwa maneno ya kupendeza. Usinunue bandiko.

16/ HOJA YA PILI: "Ni gari za matajiri." Hapa tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme lita ni shilingi 185. Dereva wa abiria anaenda kilomita 210 kwa siku. Gari la kawaida likienda kilomita 15 kwa lita, anachoma lita 14. Haibridi ikienda 21 kwa lita, anachoma lita 10. Ameokoa lita 4, yaani shilingi 740 kwa siku. Siku 25 za kazi ni 18,500 kwa mwezi.

17/ Tuseme haibridi ni ghali kuliko ya kawaida kwa 250,000. Dereva huyo anarudisha tofauti kwa miezi 13 na nusu hivi, kabla ya riba ya mkopo. Sasa mchukue mwalimu anayeendesha kilomita 210 kwa WIKI. Anaokoa 740 kwa wiki. Kurudisha 250,000 kutamchukua zaidi ya miaka sita. Gari ni lilelile, barabara ni ileile. Faida ya haibridi inafuata kilomita. Haifuati suti ya mwenye gari.

18/ Ndiyo maana habari ya Probox ya haibridi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Toyota ilianza kuiuza Japani mwishoni mwa 2018. Kenya hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo hizi ndizo zinaanza kutufikia sasa. Gari la kazi, si la maonyesho. Na njia za huku ni za kusimama kila njia panda, mwendo wa pole, vumbi. Kwenye kusimama-simama ndiko haibridi inakofanya vizuri. Kwenye barabara kuu ya kasi moja kwa saa tatu, tofauti inapungua sana.

19/ HOJA YA TATU: "Punguza ushuru wa haibridi wananchi wapumue." Tulia kidogo. Ushuru wa gari unapigwa kwa asilimia ya thamani. Ukipunguza asilimia 10 kwenye gari la milioni 1, umempa mtu laki moja. Kwenye gari la milioni 6, umempa laki sita. Punguzo lilelile, na anayepata zaidi ni yule ambaye hakulihitaji. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10, lakini lililolengwa lilikuwa gari la umeme mtupu. Anayeahidi punguzo la haibridi aulizwe: lina kikomo cha thamani? Linamlenga mwenye leseni ya kubeba abiria? Kama halina kikomo, hiyo ni zawadi, na si yako.

20/ HOJA YA NNE, na hii haisemwi jukwaani: barabara. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli inakatwa shilingi 25 za ukarabati wa barabara. Awali ilikuwa 18. Rudi kwa mfano wetu. Gari la kawaida, lita 14, linachangia 350 kwa siku. Haibridi, lita 10, inachangia 250. Uzito ni karibu uleule, mashimo ni yaleyale. Haibridi moja ni shilingi 2,500 kwa mwezi ambazo mfuko wa barabara haupati. Zikiwa nyingi, pengo linakua.

21/ Hilo pengo litazibwa vipi? Njia ziko tatu: kupandisha makato kwa lita, kutoza gari kwa njia nyingine, au kuacha barabara zife. Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isiyopungua 5,000 wala kuzidi laki moja. Tukaona kilichotokea Juni, mswada ukaondolewa. Angalia pia kile kikomo cha juu: kuanzia gari la milioni 4 kwenda juu, mzigo unaanza kuwa mwepesi kwa tajiri. Wazo litarudi kwa jina lingine. Tuwe tayari na swali.

22/ Na ukipandisha makato kwa lita badala yake, anayeumia ni nani? Ni yule asiyeweza kununua haibridi. Bodaboda, mwenye Probox ya 2012, mvuvi mwenye injini ya boti. Anayechoma mafuta mengi ni mwenye chombo cha zamani. Hii ndiyo hatari: teknolojia nzuri ikishikwa vibaya, wachache wanaokoa mafuta na walio wengi wanabaki kulipia lami.

23/ Kuna upande wa nchi nzima pia. Kenya haisafishi mafuta tangu kiwanda cha Changamwe kisimamishe kazi 2013. Petroli yote inaingia ikiwa tayari, kwa dola. Oktoba 2023 lita ilifika 217.36 Nairobi, baada ya VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai mwaka huo na shilingi kudhoofika. Kila lita isiyochomwa ni dola iliyobaki. Hiyo ni hoja ya kweli ya kuunga haibridi, hata kwa asiye na gari. Lakini msiuziwe kwamba "haichafui hewa". Inachoma petroli, ila kidogo.

24/ HOJA YA TANO: betri. "Betri ikifa umebaki na banda la kuku." Ukweli uko katikati. Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni ndogo, kama kilowati-saa 0.9, na imeundwa kwa vipande 20. Kompyuta haiachi ishuke chini sana wala ijae pomoni, ndiyo maana zinadumu miaka mingi. Lakini tunaponunua Kenya, gari tayari limekula miaka saba. Tunanunua sehemu ya mwisho ya maisha ya betri, na hilo liingie kwenye hesabu ya bei.

25/ Adui wa betri huku ni joto na vumbi. Betri inapozwa na feni, na kwenye magari mengi tundu la kuingiza hewa liko karibu na kiti cha nyuma. Likizibwa na vumbi, au ukilifunika kwa magunia, betri inachemka na inazeeka haraka. Kusafisha kichujio cha feni ni kazi ndogo. Kutokusafisha ni kazi ya kuuza ng'ombe. Na zile nyaya za rangi ya chungwa: ni umeme wa volti mamia, unaua. Fundi asiyezijua asiziguse, hata kama alikutengenezea gari la baba yako.

26/ Kwa hivyo swali la kisiasa la kweli ni fundi. Mongolia ilipunguza kodi kwa haibridi, na Prius kuukuu kutoka Japani zikajaa Ulaanbaatar hadi kwenye jangwa. Zinafanya kazi. Lakini nchi pia ikarithi mlima wa betri zilizochoka. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inayomtaka mwenye kuleta bidhaa sokoni awajibike nayo hadi mwisho. Ni nani anaitekeleza kwa betri ya gari lililokufa Magunga? Na chuo chetu cha ufundi kina kifaa hata kimoja cha kusoma betri hizi?

27/ Basi mgombea akija 2027 na neno "haibridi" au "gari za kisasa", muulize matano:
– Punguzo lako lina kikomo cha thamani?
– Mwenye gari la abiria atalipata kabla ya mwenye gari la starehe?
– Mfuko wa barabara utajazwa na nini lita zikipungua?
– Mafundi watafunzwa wapi, na nani atanunua vifaa?
– Betri iliyokufa itaenda wapi?
Asiyejibu hata mawili, anasoma karatasi aliyoandikiwa.

28/ Na anayepinga haibridi naye aulizwe: mbadala wako ni nini? Kama ni "tuboreshe usafiri wa umma", sawa kabisa, basi letu la saa kumi na moja asubuhi liko wapi? Kusema "ni za matajiri" halafu kumwacha dereva anachoma lita 14 kwa siku si kumtetea maskini.

29/ Sasa shemeji. Nimemwambia haya: hesabu inakukubali kwa sababu kilomita zako ni nyingi, lakini si kwa gari lolote. Usitie sahihi kabla betri haijapimwa kwa mashine, kipande kwa kipande, na uone matokeo kwa macho yako. Weka akiba ya betri kila wiki kutoka kwa zile 740, usizile zote. Na kama inawezekana, tafuta dhamana nyingine. Shamba la mama lisimame pembeni.

30/ Amekubali la kupima, amekubali la akiba. La shamba bado tunavutana. Sacco inataka hati, na yeye anasema mwaka mwingine wa kuchoma lita 14 nao ni shamba linaloenda, pole pole. Sina jibu la haraka kwa hilo. Jumamosi anaenda Kisumu na fundi kuona gari. Nitaleta majibu ya kipimo hapa. Kama wewe ni dereva wa haibridi kwenye barabara ya vumbi, iwe Sindo, Sori, Rongo au popote, weka hesabu yako hapo chini: kilomita, lita, na umri wa betri. Matusi muwekeane kwingine.